Nilisoma kwa Jina Lako

Mabira, Jumapili, saa kumi na moja jioni

Mwanangu Kemilembe,

Mwaka huu natimiza miaka sitini na mitatu tangu nivuke Mto Kagera, nikiwa na miaka sita, nimeshika upindo wa nguo ya bibi yako. Tarehe siijui. Ninachojua ni kwamba kahawa zilikuwa zimeanikwa uani kwetu na tukaziacha pale pale. Kwa hiyo kila mwaka, tukianika za kwetu hapa, naongeza mwaka mmoja. Juzi ulipokuwa unazigeuza kwa reki nilikuwa nimekaa barazani nahesabu.

Tranka lako limefungwa. Mambo ya ndoo, shuka, karanga na nauli mama yako ameyasema na kuyarudia, sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na tangu mwaka jana nimeshindwa kukuambia ana kwa ana. Nilitaka kulianza tulipokuwa tunachuma kahawa. Nikataka kulianza siku ya matokeo. Leo mchana uliponiletea chai nikataka tena, ukaniuliza, "Baba, mbona unanitazama hivyo?" Nikasema nakukariri kabla hujaondoka. Ulicheka. Haikuwa kweli yote.

Kweli ni kwamba nakuonea wivu. Si wivu wa baba anayemlinda binti, huo ningeuandika bila aibu. Nakuonea wivu kwa kwenda shule. Kesho utapanda bodaboda na tranka, na mimi nitakaa hapa na miaka yangu sitini na tisa, nikitamani ningekuwa mimi ninayelishikilia lisianguke.

Ili unielewe, lazima nikuambie kuhusu jembe.

Tulipofika ng'ambo hii palikuwa na karani wa kuandikisha wakimbizi amekaa kwenye kiti, daftari magotini. Mtoto aliyezidi miaka kumi alihesabiwa kuwa mtu wa kazi, na kila mtu wa kazi alipewa jembe. Babu yako alinisukuma mbele akasema, "Huyu ana kumi na mmoja." Karani akanitazama, nilikuwa mfupi kama kinu.

"Kumi na mmoja?"

"Kwetu tunachelewa kurefuka," babu yako akajibu.

Watu kwenye mstari wakacheka, karani naye akacheka, akaandika. Tukapata jembe la tatu.

Miaka miwili baadaye likafunguliwa darasa. Mwalimu alisoma majina kutoka kwenye daftari lile lile. Mimi nilikuwa na miaka minane, daftari likasema kumi na mitatu. "Wewe umri wa darasa la kwanza umeshakupita," akaniambia. "Nenda kawasaidie wakubwa." Nikaenda na lile jembe. Wenzangu niliokuwa nacheza nao walikaa chini wakaandika irabu kwenye vumbi kwa vidole, na mimi nikawa napalilia karibu na darasa makusudi ili nisikie. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma, kwa mgongo, na ndiyo maana hadi leo siwezi kuona karatasi yenye maandishi nikaiacha. Mnanicheka kwa hilo, na mna haki.

Babu yako hakuniambia kamwe. Nilidhani karani alikosea, nikamchukia mtu yule zaidi ya miaka ishirini. Siku tuliyomzika babu yako ndipo bibi yako aliponieleza kwamba jembe lile lilinunuliwa kwa umri wangu. Sikukasirishwa na jembe. Tulikuwa na njaa, ningefanya vile vile. Nilikasirishwa na kunyamaza kwake, kwamba aliniona miaka yote ile nikimlaumu mtu mwingine, na akaendelea kunywa pombe yake ya rubisi taratibu.

Sasa nije kwenye simu.

Ulikuwa umeingia kidato cha tatu. Mama yako mdogo wa Nyaishozi alitupatia simu yake ya zamani, na shule ikasema kila mwanafunzi ajiandikishe kwenye mfumo wa masomo ya mtandaoni. Ulikuja nayo barazani.

"Baba, hapa panataka mzazi akubali."

"Akubali nini?"

"Ni maandishi marefu. Wazazi wa wenzangu wamebonyeza tu."

Mama yako akasema kutoka jikoni, "Maandishi marefu? Hapo umempatia. Huyu anasoma hata karatasi iliyofungia nyama."

Nikavaa miwani. Nilisoma mistari michache ya mwanzo. Waliomba ridhaa ya kukusanya taarifa zako: muda unaoingia, mahali ulipo, unapokosea, unaporudia, unachouliza, kisha wazichambue na kuzitumia "kuboresha safari yako ya elimu". Nilipaswa kusimama hapo. Katika kijiji hiki chote, mimi ndiye niliyekuwa najua daftari la mtu mwingine linaweza kukufanya nini. Nilipaswa kuuliza nani anaandika, linawekwa wapi, nani ataruhusiwa kulifungua. Lakini macho yangu yalikuwa yameshashuka hadi kisanduku cha pili. Kilisema mzazi akitaka atatumiwa taarifa ya kila wiki kuhusu mwanawe.

Wakati ule ulikuwa umeanza kucheka na simu. Unarudi shuleni, "Shikamoo Baba," "Marahaba," basi, unaiinamia mpaka chakula kiive. Zamani ulikuwa unaniambia hata rangi ya mbwa uliyekutana naye njiani. Nikaona hapa pana dirisha la kuchungulia. Nikabonyeza visanduku vyote viwili bila kusoma zaidi. Wewe, ambaye ndiye uliyekuwa unaandikwa, hakuna aliyekuuliza. Kisanduku chako hakikuwapo.

Shuleni simu ilikatazwa, kwa hiyo asubuhi ilibaki juu ya kabati ikichajiwa na sola. Siku ya kwanza niliifungua ili kuona tu unafundishwa nini. Mwalimu wa Historia alikuwa anaeleza biashara ya masafa marefu, kwa sauti ya upole. Akasema, "Mwanafunzi wangu, simamisha hapa uandike." Kemi, nilikuwa na miaka sitini na saba, na hakuna mwalimu aliyekuwa amewahi kuniita mwanafunzi wangu. Nikasimamisha. Nikatafuta kalamu. Nikaandika.

Mama yako aliniona siku ya tatu au ya nne, aliporudi na mkungu kichwani.

"Mzee, umeandikishwa shule?"

"Natazama tu."

"Kutazama gani kunatumia kalamu?" Akautua mkungu. "Ukipewa sare uniambie, niifue."

Alijua ninatazama masomo. Kwamba ninajibu majaribio, hakujua. Mwisho wa kila somo palikuwa na jaribio, na ningeweza kuliacha, lakini nilijibu. Kikatokea kinyota cha njano na maneno "Hongera, Kemilembe!" Mara ya kwanza maishani mwangu shule inanipa hongera, na ikaandikwa jina lako. Nilifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha nikaona kijicho, kijicho cha kitoto kabisa, juu ya jina la mwanangu mwenyewe. Nikataka kinyota kingine. Nikawa nasoma kila siku ukishaondoka, kama mtu anayekula chakula cha mwenzake huku akijiambia ataacha kidogo.

Historia na Jiografia zilinipokea. Hisabati na Fizikia zilinikataa, na mimi ni mkaidi. Kuna milinganyo niliirudia mara tisa, na kila mara ikaja alama nyekundu. Jioni wewe uliingia ukafanya mazoezi yako vizuri, lakini ulikuwa na nusu saa kabla ya chaji kwisha, na mimi nilikuwa na asubuhi nzima. Nilipanda nyayo zangu juu ya zako mpaka zako hazikuonekana.

Kila Ijumaa taarifa ilikuja. Mwanao anafurahia Historia. Mwanao husoma zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana. Mwanao anahitaji msaada katika Hisabati. Nilikuwa nimeomba kukuchungulia wewe, nikawa najichungulia mwenyewe, na bado nilizisoma kwa hamu kama mtu aliyeletewa barua.

Kuna jambo jingine nililifanya, na hili sina hata kisingizio cha kutaka elimu. Ndani ya akaunti yako palikuwa na mahali pa kumwuliza mshauri wa mfumo. Nilipafungua. Katikati ya maswali yako ya Kemia nikakuta hili: "Mtu aliyevuka mpaka akiwa mtoto anaruhusiwa kurudi kwao? Na watoto wake wanakuwa wa wapi?" Chini yake kulikuwa na jibu: "Swali lako halihusiani na somo. Tafadhali chagua somo."

Nilikaa na ile simu mkononi mpaka kioo kikazima. Miaka yote nilikuwa nangoja uniulize, nikajiambia hujali. Kumbe ulijali, ila ulilipeleka swali kule, kwa kitu kilichokufukuza kama karani. Wivu nilioupata siku ile haukuwa na kipimo. Sikujiuliza kwa nini hukuja kwangu, mtu ambaye likitajwa jambo la ng'ambo huinuka akaenda kuangalia ng'ombe.

Ukafika mwaka wa kuchagua tahasusi, yale masomo matatu ya kidato cha tano. Mwalimu wa taaluma alikuja na bodaboda, karatasi imekunjwa mfukoni. Mama yako akamwekea kahawa za kutafuna. Unakumbuka maneno yote, lakini nayaandika ili ujue na mimi nayakumbuka.

"Kemilembe, mfumo umekufuatilia karibu miaka miwili," alisema. "Historia na Jiografia uko juu. Hisabati na Fizikia, hapana. Ukichagua Fizikia, Kemia na Biolojia utaumia."

"Mwalimu, mbona darasani Hisabati napata?"

"Darasani mnanong'onezana. Kwenye simu uko peke yako. Mashine haina ndugu."

"Lakini hii milinganyo sikumbuki kuirudia mara tisa."

"Wewe hukumbuki, yenyewe inakumbuka." Akanigeukia. "Mzee, wewe ndiye unayeishi naye. Unasemaje?"

Nilikuwa na punje ya kahawa mdomoni. Niliitafuna mpaka ikabaki uchungu mtupu. Nikasema, "Hiyo inamwona kuliko mimi."

Mama yako aliacha kumenya ndizi akanitazama. Wewe hukunitazama. Uliinuka ukaenda nyuma ya banda la ng'ombe, na tulisikia ukilia, na mwalimu akasema watoto wa siku hizi wanapenda sana udaktari, akaondoka na bodaboda yake. Kesho yake ukajaza tahasusi ya Historia.

Ningeweza kukuambia niliogopa aibu: mzee wa kanisa kukutwa amejificha nyuma ya jina la mtoto. Niliogopa, ndiyo. Lakini chini ya aibu palikuwa na kitu kibaya zaidi. Tahasusi ile ya Historia ilikuwa yangu. Nyota zile zilikuwa zangu. Nilipoona karatasi inasema Kemilembe aende kusoma Historia, ndani yangu kuna mtoto mwenye jembe aliyesimama akasema, hatimaye wamesoma jina langu. Nilikuwa tayari upelekwe wewe, ili niwe nimekwenda mimi.

Na nilikuwa najua. Hilo ndilo linalonisumbua. Nilikuwa na wewe hospitalini Nyakahanga, mama yako alipofanyiwa upasuaji na wewe una miaka kumi na mitatu. Muuguzi alikuwa anahesabu matone ya dripu kwa saa yake ya mkononi. Ulimwuliza, "Dada, kwa hiyo chupa itaisha saa nane na robo?" Akahesabu upya, akakutazama, akaniambia, "Mzee, huyu usimwache nyumbani." Njia nzima ya kurudi ulikuwa unapiga hesabu za matone. Nilikuwa na ushahidi wangu mwenyewe, bora kuliko wa mfumo wowote, na mwalimu alipouomba nikaumeza na kahawa.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka ulikuwa na B ya Hisabati, na Fizikia, Kemia na Biolojia umefaulu zote vizuri. Tulikuwa tumesimama kwenye kibanja, kati ya migomba yetu, simu ikipokezanwa. Mama yako alipiga vigelegele. Wewe ukasema, "Labda mtihani ulikuwa mwepesi."

Kemi, hapo ndipo niliposikia nilichokifanya. Mtihani wa taifa umekuambia unaweza, na wewe ukaamini alama zangu nyekundu.

Nimechelewa, lakini wiki hii nimefanya mambo matatu kabla ya kukuandikia.

Nilipiga simu kwa wenye mfumo. Akapokea binti mwenye adabu. "Shikamoo mzee wangu." Nikamweleza kwamba mwanafunzi wa mchana nilikuwa mimi, nikamwomba anitenganishe na mwanangu. Akajibu, "Mzee, sisi tunaona akaunti, hatuoni mtu. Taarifa zikishachanganywa, kuzitenganisha ni kazi. Mwenye akaunti aandike mwenyewe kuomba."

Nilikwenda kwa mwalimu wa taaluma. Nilimkuta ofisini anasahihisha madaftari, nikasema yote nikiwa nimesimama. Nilitegemea anigombeze. Aliweka kalamu chini. "Mzee, umeniharibia mtoto," akasema. Kisha akachukua ile taarifa akaitazama upya, kidole kikasimama kwenye mstari wa saa. "Saa nne asubuhi," akasema. "Mimi saa nne asubuhi nilikuwa naye darasani. Nilikuwa namfundisha mwenyewe, kwa mkono huu, na chaki." Ameandika barua kwa mkuu wa shule unakokwenda, kueleza kwamba taarifa ile haikuwa yako peke yako na kwamba matokeo yako yanatosha kwa sayansi. Anasema wiki za mwanzo wakuu wa shule huruhusu kubadili tahasusi, nafasi ikiwapo. Barua hiyo iko ndani ya bahasha hii.

La tatu ni daftari la kijani, lililo chini kabisa ya tranka, nimelifunga kwa gazeti. Ndilo nililoandikia masomo. Kila ukurasa una siku na saa, kwa kuwa mimi huandika hivyo kila kitu. Ukitaka kuwaonyesha ni nyayo zipi za nani, weka saa zangu kando ya mahudhurio ya shule yako. Pale daftari langu linaposema Jumanne saa nne, na mwalimu amekuandika upo darasani, basi aliyekosea si wewe.

Taarifa ya kila wiki nimeifuta. Nilipata pia mahali pa kuondoa ridhaa yote, kidole kikawa tayari, nikakumbuka umetimiza miaka kumi na minane mwezi wa tatu. Ridhaa si yangu tena kutoa wala kuondoa. Nilishakutolea mara moja bila kukuuliza, sitakuondolea mara ya pili bila kukuuliza. Nywila ibadilishe leo kabla ya kulala. Usiniambie mpya.

Sikuamulii. Inawezekana umekwisha kuipenda Historia. Wengine huzoea nyumba waliyoingizwa kwa makosa. Ukibaki nayo, iwe kwa kuipenda wewe, isiwe kwa kunihurumia. Na ukienda kwenye Fizikia na Kemia yako, usidhani utaniumiza. Utaniumiza, lakini ni maumivu yangu ya miaka mingi, hayana anwani yako. Hata sasa ninapoandika, tranka liko mlangoni na bado nalionea wivu. Sikusudii kukudanganya kwamba umekwisha. Nimekusudia tu kwamba usije ukamlaumu mtu mwingine miaka ishirini kwa jambo lililofanywa na baba yako.

Kukasirika una ruhusa. Ukitaka kunyamaza muhula mzima, nyamaza. Mama yako nimemwambia leo asubuhi. Alisema, "Nilijua siku ile ulipoitafuna ile kahawa," kisha hajaniongelesha mpaka saa hizi, na chakula cha mchana nimejipakulia.

Limebaki swali lako. Nililisoma kwa wizi, kwa hiyo sina haki ya kulijibu, lakini nisipolijibu nitakuwa nimekuibia mara mbili.

Anaruhusiwa kurudi. Wapo waliorudi, na baadhi yao waliniita. Watoto wake ni wa mahali walipozaliwa na kulelewa. Wewe ni wa hapa Mabira, kwa jina ulilopewa na kwao mama yako, kwa kibanja hiki, kwa lugha unayoota nayo. Mimi kilima cha kwetu nalijua jina lake, lakini sijui tena mlango wa nyumba ulitazama upande gani. Nikiulizwa kule wewe ni nani, ningelazimika kuanza na habari za hapa. Zile kahawa tulizoziacha uani nimezihesabu mara sitini na tatu, na huwa najua kabisa kwamba hakuna aliyezianua.

Uliponiona nakwenda kuangalia ng'ombe, nilikuwa naogopa kulisema hili kwa sauti. Sasa umelijua kutoka kwangu, kwa maandishi, na jina langu likiwa juu yake. Mimi baba yako sitarudi.